Magari Juu ya Mama Yangu

Mtakaosema bibi kazeeka anaota, semeni. Haya niliyaona mwenyewe, jua likiwaka, na pombe sijui hata ladha yake.

Kanisa letu kuu siku hizi lina wageni wa kupiga picha. Sikatai, ni zuri. Lakini nyuma yake wamelala waliolijenga: Paulo mchoma matofali, Tekla, Lusia Njiku, na mama yangu Anastazia. Yeye aliangukiwa na ukuta akileta maji ya kukandia udongo, mimi bado nanyonya. Misalaba yao ya mti ilioza. Basi kamati ya kanisa ikasawazisha pale, ikasimika kibao: MAEGESHO. Maegesho!

Siku hiyo nilikuwa kwenye benchi nasali rozari. Deo, kijana anayetembeza wageni, akaniinamia. "Shikamoo bibi. Sogea kidogo, unaingia kwenye picha."

"Marahaba. Waambie na wao wanaingia kwenye sala yangu."

Akacheka. Mimi nikatoka na hasira zangu mpaka nyuma. Kati ya magari mawili nikamkuta binti amekaa chini. Kavaa kaniki, kata ya majani ya kutulia mtungi kichwani, udongo mbichi mpaka kwenye viwiko, na kiangazi kile chote! Rika la wajukuu zangu. Ananitazama tu, kama anayengoja kitu.

Nikamfokea. Wewe usingemfokea? "We binti, kwenu hawaamkii wakubwa?"

"Tangu lini mama akamwamkia mwanawe, Felista?"

Jamani, jina hilo! Hapa wote wananiita Mama Joni. Waliokuwa wakiniita Felista wamekwisha kufa. Mimi na mvi zangu nikampigia goti msichana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona wananikanyaga, na wewe upo?"

Nikainua uso nimjibu. Hayupo.

Tangu hapo, nikisikia gari linarudi nyuma, kifua kinanibana kama naangukiwa mimi. Mwenyekiti wa kamati alikuja kunibembeleza: "Bibi, tutawawekea mnara." Nikamwambia ang'oe kibao kwanza. Hajang'oa. Kwa hiyo kila asubuhi nabeba kigoda changu, nakaa palepale, na madereva wanapiga honi mpaka wanachoka.

Nanyi mnaokuja kutazama, karibuni, sadaka toeni, picha pigeni. Gari liacheni barabarani. Mimi ni mzee, siku moja kigoda mtakikuta kitupu. Mtashangilia, mtaegesha. Lakini yule binti hana pa kwenda, na mimi nitakuwa nimekaa ubavuni kwake.