Jaza Ukuta Wote

Mtaani kila mwanamke aliyeolewa ni mama wa mtu. Sasa huyu aliyekaa ndani ya ndoa miaka tisa bila mtoto wa kumpakata aitwe nani? Watu wema hawakosi ufumbuzi. Kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuchora mabango, wakamwita Mama Brashi, wakadhani wamemfariji. Na kwa kweli brashi ni mtoto mzuri: halii usiku wala hamjibu bibi yake jeuri.

Bibi mwenyewe, yaani mama mkwe, alikuwa na methali moja aliyoitia kwenye kila jambo kama chumvi: uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mkwe akichelewa kupika, methali. Mkwe akiumwa kichwa, methali. Akimkuta anachora mtoto mnene kwenye bango la duka la maziwa, humwongezea na ya kwake: "Haya, endelea kuchora watoto wa watu." Mume alikuwa fundi redio, bingwa wa kupunguza sauti ya kila kitu isipokuwa ya mama yake. "Mvumilie tu," husema, "ndivyo alivyo."

Mimba tatu zilikuwa zimemtoka. Kila mara alikuwa amekwisha kununua shuka ndogo, na kila mara aliikunja akaizika ndani ya sanduku la nguo. "Mtapata mwingine," watu walimwambia, utadhani kavunja kikombe. Kisha wakangoja arudi kazini, naye akarudi. Iliuma. Iliuma sana, na hakuna aliyemwuliza.

Ndipo mganga mkuu wa zahanati alipomwita achore ukuta wa chumba wanachosubiri wajawazito, kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa anakuja. Alitaka mama mwenye furaha na mtoto mwenye mashavu. Mama Brashi akaanza kwa chaki, kama kawaida yake, akamchora mama katikati ya ukuta. Mganga mkuu akachungulia mlangoni, simu sikioni.

"Safi. Ila jaza ukuta wote. Sitaki kuona nafasi tupu."

Akaenda kikaoni. Mtu wa cheo kile ana vikao kama mbwa alivyo na viroboto.

Mama Brashi ni nani hata amkaidi mganga mkuu? Alipomaliza yule mama wa furaha, meno yote nje, akajaza. Alichora benchi, lile lile la chumba kile, na wanawake juu yake. Mmoja ameshika tumbo kwa mikono miwili kama anayebeba chungu kilichojaa pomoni. Mmoja anatazama mlango. Wa tatu, mwenye sura ya mchoraji mwenyewe, amepakata shuka tatu zilizokunjwa: ya bluu, ya kijani, ya waridi. Alipofika kwenye ile ya waridi alilia, na hakujifuta kwa sababu mikono ilikuwa na rangi. Wanawake wa foleni wakaacha porojo. Mmoja akainuka, akaigusa shuka ya kijani kabla haijakauka, akaondoka na rangi vidoleni.

Mganga mkuu aliporudi jioni alishika kichwa.

"Huu nini, msiba?"

"Ulisema nijaze, daktari."

"Nilisema furaha! Watu wanakuja hapa kuzaa, siyo kukatishwa tamaa. Kesho asubuhi nikute peupe."

Zahanati ambamo glovu zilikuwa hadithi ilipata kopo zima la rangi nyeupe saa ile ile. Penye nia pana njia.

Asubuhi, kabla kopo halijafunguliwa, mama mkwe aliingia akihema. Habari zote zilikuwa zimemfikia, hata lile agizo la kujaza ukuta.

"Nasikia umetuanika."

Akautazama ukuta. Akautazama sana. Mama Brashi akaingoja methali, haikuja.

"Hizo ni zile za sandukuni?"

"Ndiyo, mama." Hakujua kama mkwewe anazijua.

"Hukuzikunja vizuri. Pembe hukaa ndani." Hata pale hakuweza kujizuia. Kisha akaketi kwa kishindo. "Yangu niliikunja pembe ndani. Yule wa kwanza, kabla ya mumeo. Mama mkwe wangu aliniambia nideki, nikadeki."

Mama Brashi alitamani kummwagia lile kopo.

"Miaka yote hii, mama, ulikuwa unajua inavyouma?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini?"

"Mimi nani alinihurumia?"

Mganga mkuu akaingia mbio, shati jipya, tai imemkaba.

"Bado tu? Mgeni rasmi yuko njiani!"

Mama mkwe hakuinuka.

"Mwanangu, mwache mchoraji amalize."

"Amalize nini?"

"Pale mwisho wa benchi pana nafasi tupu. Si ulisema hutaki kuiona?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, matumbo yakatikisika. Mganga mkuu akabaki kalishika kopo lake, hajui aliweke wapi.

"Kila siku unachora watoto wa watu," mama mkwe akamwambia mkwewe, sauti imeshuka. "Leo nichoree wa kwangu. Shuka ya njano. Pembe ndani."

Mama Brashi akachovya brashi.

"Alikuwa wa kike au wa kiume, mama?"

Bibi akamgeukia. Tangu siku ile ya kudeki, hakuna aliyewahi kumwuliza.

"Wa kike," akasema.