Jumapili Kossak Aliposhuka Mgodini

“Wiki nzima nawaogopa wale wa Brockhof, kumbe anayenimaliza ni mwenyekiti wangu mwenyewe!” Gisbert Kossak alisimama katikati ya jiko, kofia bado kichwani, orodha ya zamu za Jumapili imekunjamana mkononi. “Kipa, Alfons! Katika wanaume wote wa mgodi ule, ukaona umshushe kipa wangu!”

Alfons Overkamp hakuinua macho kutoka kwenye kahawa aliyokaribishwa. Mgodini alikuwa msimamizi wa zamu, na kwenye klabu ya Eintracht Horstfeld alikuwa mwenyekiti. Vyeo hivyo viwili hakutaka hata vipeane mkono.

“Zamu ya pampu za kutoa maji mgodini imemfikia Ewald Tiggemann. Nikimruka, Jumatatu watasema Overkamp anaipendelea timu yake.”

“Si ni timu yako?”

“Ndiyo maana simruki.”

Hedwig, mke wa Kossak, aliacha kumenya viazi. “Alfons, wewe ni mwadilifu mpaka unachosha. Mkeo anakuvumiliaje?”

“Hatuongei sana,” alisema Overkamp.

Utani uliishia hapo, kwa sababu jambo lenyewe halikuwa la kucheka. Jumapili ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, dhidi ya Brockhof, na Horstfeld walihitaji sare tu wasishuke daraja. Wakishuka, kamati ilishakata shauri: kocha anaondoka. Na Kossak bila timu, Hedwig alijua, angekuwa mtu wa kukaa dirishani na kuhesabu njiwa wa jirani.

Maana Kossak alikuwa mtu wa mpira tangu mwanzo. Alianza utotoni kwenye uwanja wa Horstfeld usio na jani hata moja, vumbi jekundu tupu, ukianguka unarudi nyumbani na goti kama nyama buchani. Akiwa na miaka ishirini na miwili klabu kubwa ya mjini ilimchukua. Alicheza kiungo misimu saba, na mgodi ukampa kazi ya heshima, kugawa taa juu kwenye mwanga, ili asichoke. Watu walimnunulia bia bila kumwuliza anataka au hataki. Wasichana pia walikuwepo, Hedwig hakujidanganya, ila yeye ndiye aliyemwambia usoni kwamba pasi zake za kushoto ni mbovu, naye akarudi kesho yake kuuliza ubovu wake uko wapi.

Kisha goti likavunjika, Novemba, kwenye tope. Klabu kubwa ilimletea shada la maua na barua ya mistari mitatu. Kazi ya taa akapewa mchezaji mwingine mwenye magoti mazima, Kossak akafundishwa pampu za chini ambako mchechemeo haumsumbui mtu. Mwingine angeugeukia ulevi. Yeye alikwenda Horstfeld, akawakuta vijana kumi na watatu na mipira miwili, akasema, “Haya, nani anajua kukimbia?” Miaka kumi na minne sasa yuko nao. Aliwakimbiza juu ya kilima cha mawe ya mgodi mpaka wakatapika, na aliyetapika alimpelekea supu nyumbani. Ubao hakuwa nao. Mbinu alizipanga kwa viazi kwenye meza ya Hedwig, na Hedwig akivichemsha baadaye alijua kabisa kama anampika beki au mshambuliaji.

“Sheria inasemaje?” Kossak aliuliza ghafla, sauti imeshuka.

“Mtu kwa mtu. Niletee mwenye cheti cha pampu, Tiggemann yuko huru.”

“Wenye cheti ni wangapi?”

“Watatu. Ewald mwenyewe. Mzee Lohbeck, na Lohbeck yuko hospitali na mapafu yake.” Sasa ndipo Overkamp alipoinua macho. “Na wewe.”

Hedwig alimtazama mumewe akivua kofia na kuiweka mezani. Alimjua. Angeweza kubishana naye saa nzima na asimsogeze hata kidogo.

“Niandike mimi,” alisema Kossak.

“Gisbert, ni mechi yako ya...”

“Kocha hadaki penalti. Niandike.”

Jumamosi mchana aliwaita wachezaji wote jikoni, akapanga viazi, akasema kila alichokuwa nacho. Ewald Tiggemann, kijana mrefu mwenye mikono kama makoleo, hakuwa na raha.

“Kocha, hii ni zamu yangu. Nikifungwa je?”

“Ukifungwa utafungwa ukiwa golini. Ningekuwa na wasiwasi kama ungefungwa ukiwa chini kwenye pampu.”

“Nina deni lako la zamu.”

“Unalo. Wala sijakusamehe.”

Jumapili saa nane Kossak alishuka na lifti, na Hedwig akaenda uwanjani peke yake, mkoba kifuani. Mechi ilikuwa mbaya kuliko alivyoogopa. Wale wa Brockhof walicheza kama watu waliodhulumiwa shamba. Beki wa kushoto, Rüdiger, alipanda mbele kila mara na kuacha nyuma yake nafasi ya kupita gari la makaa.

Wakati wa mapumziko Hedwig alivumilia dakika tatu, kisha akafungua mlango wa chumba cha wachezaji bila kubisha.

“Mama Kossak, tumevua!”

“Nimeona vibaya zaidi ya hivyo. Rüdiger, jana kiazi chako kilikaa wapi?”

“Nyuma, mama.”

“Kilikwenda mbele hata mara moja?”

“Hakikwenda.”

“Basi kiazi kina akili kukuzidi wewe.” Akafunga mlango.

Rüdiger hakupanda tena. Zikiwa zimebaki dakika tisa refa akawapa Brockhof penalti, na uwanja ukanyamaza kiasi cha kusikia gurudumu la mgodi likizunguka ng'ambo ya reli. Hedwig hakuangalia mpira. Alimwangalia Ewald tu, naye Ewald akaruka kulia, makoleo yale yote mawili mbele, na mpira ukagonga vidole ukatoka nje.

Filimbi ya mwisho ilikuta sufuri kwa sufuri. Wanaume wazima walilia vumbini. Hedwig alitafuta wa kumkumbatia, ndipo akamwona Alfons Overkamp, suti nyeusi na tai, akikimbia. Alikuwa akikimbia kuelekea lango la mgodi. Hedwig akamfuata.

Simu ya mgodi ilikuwa ya ajali tu, na tangazo la kusema hivyo alilisaini Overkamp mwenyewe. Alimwondoa mlinzi kitini, akainua mkono wa simu.

“Pampu? Overkamp hapa. Maji yakoje?”

Hedwig alisikia sauti ya mumewe, ndogo, kutoka mita mia saba chini ya viatu vyake: “Maji mazuri. Sema, Alfons!”

“Sufuri kwa sufuri. Ewald kadaka penalti.”

Halafu Kossak akasema, “Na Rüdiger? Alikaa nyuma?”

“Mkeo alimkalisha.”

Kossak alicheka mpaka Hedwig akamnyang'anya Overkamp simu. “Wewe chekelea huko,” alimwambia. “Leo ukirudi usinibusu shavuni na masizi hayo. Oga kwanza.”

Kamati ilimpa Kossak miaka mitatu mingine, na jina la Horstfeld likabaki kwenye ligi.

Julai, msimu umefungwa, zamu ya pampu ya Jumapili ikamfikia Kossak. Alfajiri mlango ukagongwa. Ni Ewald, mkate na chupa ya chai kwenye mfuko.

“Nimekuja kuchukua zamu yangu, kocha. Overkamp ameshaniandika.”

“Nani kakuita? Rudi ukalale.”

“Ulisema hujanisamehe.”

Kossak alifungua kinywa, lakini Hedwig alikuwa ameshashuka ngazi na gauni la safari na kofia ya majani. Katika miaka ishirini na moja ya ndoa Jumapili zake zote zilikuwa za mpira, na treni ya kwenda mto Rhein inaondoka saa moja.

“Muache alipe,” alisema. “Vaa viatu, Gisbert.”