Somo la Kinyongo

Kila mwaka, ratiba ilipofika kwenye msamiati wa hisia, mwalimu wa Kiingereza ambaye wanafunzi walimwita Mama Sentensi aliingia darasani na uso wa mtu anayekwenda kwenye harusi ya mume wake. Aliandika neno moja ubaoni, grudge, yaani kinyongo, akalipigia mstari mpaka chaki ikakatika.

"Hasira ya kawaida inakuja, inapiga kelele, inaondoka," alisema. "Hii inakuja na godoro lake. Na Waingereza hawaishii kuwa nayo. Wanaibeba, wanaishika, wakiizoea wanainyonyesha."

"Inaota meno lini, mwalimu?" aliuliza mmoja wa nyuma.

"Ikishaota utajua, maana atakayeumwa ni mnyonyeshaji."

Kisha ulikuja mfano, uleule wa kila mwaka: mwanamke fulani ana kinyongo kwa sababu rafiki yake hakusimama. Wanafunzi wengi walimaliza shule wakiamini huyo rafiki alikuwa anaumwa miguu.

Miguu ilikuwa mizima kabisa. Rafiki mwenyewe ni mwalimu wa jiografia, na zamani wawili hao walikuwa chanda na pete, wakinywea chai kikombe kimoja pale vikombe vilipopungua. Halafu mkuu wa shule akapata wazo. Akaamua choo cha walimu kigeuzwe stoo ya makombe ya michezo, katika shule ambayo haijawahi kushinda hata mchezo wa kuvuta kamba. Walimu walinung'unika chini chini, kama kawaida yao. Wanawake hawa wawili ndio waliopanga kusema mkutanoni.

"Nikikohoa, tunasimama wote," alisema Mama Sentensi.

"Kohoa tu, mwenzangu. Utanikuta nimeshafika juu."

Akakohoa. Akasimama. Akageuza shingo, akakuta kiti cha jirani yake hakina mtu: mwalimu wa jiografia alikuwa chini ya meza, akitafuta hereni. Akaitafuta mkutano mzima, na masikio yake yote mawili yalikuwa na hereni.

Kwa kusimama peke yake, Mama Sentensi akanyang'anywa darasa la mwisho alilolipenda kuliko nyumba yake, akapewa watoto wapya wanaolilia mama zao. Aliyekuwa chini ya meza akapanda hadi mkuu wa taaluma. Choo kikawa stoo. Mama Sentensi akameza uchungu, akatabasamu, wakaendelea kusalimiana na kutumia kabati moja la vitabu. Kitu kimoja tu alikingoja: siku mwenzake atakapokuja kusema, nilikuacha peke yako. Hakutaka hata pole. Alitaka aambiwe hivyo tu.

Kazi ya mkuu wa taaluma ni kukaa nyuma ya darasa na kusikiliza wenzake wakifundisha. Kwa Mama Sentensi siku zote alikuwa akimtuma mtu mwingine. Mwaka huu alikuja mwenyewe, siku ya somo hilohilo, akaketi dawati la nyuma, magoti yakimgusa kidevu.

Mama Sentensi alitamani kurukia neno la furaha. Mkono ukakataa. Akaeleza godoro, akaeleza kunyonyesha, akafika kwenye mfano. Safari hii akauongezea nyama: mkutano, kikohozi, meza, hereni. Darasa likacheka mpaka madawati yakalia.

"Mwalimu," aliuliza msichana wa mbele, "huyo wa chini ya meza alikuja kukiri?"

"Bado."

Huko nyuma mkuu wa taaluma alikuwa anacheka kuliko wote, anajifuta machozi kwa kitambaa.

Kengele ilipolia walitoka pamoja hadi chumba cha walimu. Mama Sentensi alikuwa anajiambia: Amesikia, sasa atasema.

"Mama, wewe ni hatari!" alisema mwenzake. "Hadithi ile umeitoa wapi?"

"Hadithi gani?"

"Ya mwanamke wa hereni. Jamani, kuna watu wana roho mbaya! Mimi mtu angenifanyia vile, nisingempa hata salamu."

Mama Sentensi alimtazama machoni, akitafuta aibu, au walau uongo. Uongo angeweza kuishi nao. Mtu anayekudanganya angalau anakumbuka.

"Ni wewe," akasema.

"Mimi nini?"

"Ulikuwa chini ya meza. Mkutano wa choo."

"Choo kipi?" Alikunja uso kwa dhati kabisa. "Si pale ni stoo siku zote? Mama, unanichanganya na mtu. Hebu keti, umechoka. Nikuwekee chai?"

Akaweka maji jikoni huku akiimba kwa pua, hana hatia hata ya kope. Yote yale, ukimya na tabasamu la kubandika, Mama Sentensi alikuwa ameyabeba kwa ajili ya wawili, kumbe peke yake. Hata kwenye kinyongo, mwenzake hakuwa amesimama.

Alifungua kabati lao. Akatoa kamusi yake, akatoa madaftari, akatoa kanga aliyokuwa anajifunika siku za baridi, akapanga vyote dirishani.

"Unahama?" aliuliza mwenzake, sukari mkononi.

"Ninafagia tu."

"Haya. Vijiko viwili, si ndiyo?"

"Sijawahi kuweka sukari," alisema Mama Sentensi, akaenda kutafuta kabati lingine.