Kiungo cha Mwisho cha Mzee Cheche

Siku ambayo maabara yetu hufungua milango kwa wananchi, mimi huamka nimenuna. Watu wanashika kila kitu kilichoandikwa usishike, wanamshangilia roboti anayemimina maji kwenye glasi, kisha wananiuliza mimi choo kiko wapi. Mimi si wa choo. Mimi naendesha mashine ya kuvuta vyuma: kipande kinabanwa juu na chini, mashine inakivuta polepole mpaka kikatike, na kompyuta inaonyesha kimehimili nguvu kiasi gani. Viwanda hutuletea waya na nondo zao tuzikate sisi kabla hazijakatikia juu ya vichwa vya watu. Chuma kisipokatika, kwetu siku imeharibika.

Mwaka huu mkurugenzi alitangaza kwamba wageni wanaweza kuja na vitu vyao tuvipime. Siku nyingine hilo ni mwiko, huingizi hata msumari wa nyumbani kwako. Niliposikia tu, nilimfikiria baba yangu.

Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaani wanamwita Mzee Cheche, wengine kwa sababu ya kazi, wengine kwa sababu ya mdomo. Nusu ya mageti ya mtaa wetu ni yake, na ukipita naye atakuonyesha moja moja huku akimsema mwenye nyumba aliyeliacha likaliwa na kutu. Kazi yake ya mwisho ilikuwa uzio wa baraza ya ghorofani katika shule ya msingi, pale watoto wanapoegemea wakati wa mapumziko. Aliumaliza, ukapakwa rangi ya kijani, akashukuriwa. Wiki iliyofuata daktari akamwambia ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na si wa leo wala jana.

Hapo ndipo raha ilipomtoka. Alikuwa amechomelea uzio ule akiona ukungu, akidhani ni moshi wa kazi. Na kiungo kibovu kikishasagwa na kupakwa rangi hukitambui hata kwa macho mazima. Chakula akawa anadonoa. Mtoto yeyote akilia barabarani, anauliza nani ameanguka. Aliniambia mimi peke yangu, nikamwambia aende kwa mwalimu mkuu, tukagombana. Mwishowe tukakubaliana: tupime kwanza, na kikiwa kibovu anakwenda siku hiyo hiyo, uzio wote ung'olewe.

Cha kupima alikuwa nacho. Chuma cha juu cha uzio kilizidi ukuta, ikabidi ncha yake ikatwe, na ncha hiyo ina kiungo katikati, cha mwisho kuchomelewa, jioni, mwanga umekwisha. Haikusagwa wala kupakwa rangi. Kama kuna mahali alipoharibu, alisema, ni hapo.

Siku ya wageni ilipofika, Ijumaa, alikuja amevaa koti la harusi, kipande amekiviringisha kwenye gazeti. Nilimkalisha nyuma ya kioo, mbele ya watu wote. Nilikibana, nikakifungua, nikakibana upya, mimi ninayekata vyuma kila siku ya Mungu. Sikumweleza chochote. Kazi ukishaizoea, unasahau kwamba wengine hawaijui.

Mashine ikavuta. Baba hakuweza kuona mstari ukipanda kwenye kompyuta, kwa hiyo aliinamisha kichwa kusikiliza. Chuma kikalia kidogo, kikanyamaza, kisha paa! Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa tayari natabasamu, kwa maana nilikwishaona kilipokatikia. Nikageuka kumtazama Baba, nikamkuta amesimama, anautafuta mlango kwa mikono.

"Kimekatika," alisema. "Nipeleke kwa mwalimu mkuu. Sasa hivi."

Ndipo nilipojiona mjinga. Kwa fundi, kitu kilichokatika ni kibovu, basi. Kwetu kila kitu hukatika, tunachoangalia ni wapi. Nilikitoa kipande kikubwa, bado kina uvuguvugu, nikamwekea mkononi na kukipeleka kidole gumba chake taratibu.

"Hapa pana nini, Baba?"

Akapapasa. "Kiungo changu."

"Kizima au kimepasuka?"

Akapapasa tena, mbele na nyuma. "Kizima."

"Kilichokatika ni chuma chenyewe, huku pembeni. Chuma kimeshindwa, Baba. Kiungo chako hakikushindwa."

Aliniuliza tena, akanitaka niape, nikaapa. Hakuridhika, akamwita mwenzangu wa mashine ya jirani naye aape. Kisha akaketi na kulia mbele za watu, bila hata kujifuta. Mama mmoja akaniuliza kama mzee anaumwa, nikamwambia hapana, amepona. Mkurugenzi akaja na mpiga picha, nikawaambia waende kwa roboti. Nilikuwa na furaha kuliko siku niliyoajiriwa, na machozi yalikuwa yananiharibia ovaroli.

Niliomba ruhusa nimrudishe nyumbani. Kumbe siku zote zile alikuwa akizunguka njia ya mbali ili asipite karibu na shule. Mchana huo alitaka tupite hapo hapo. Tukasimama getini wakati wa mapumziko. Juu barazani palikuwa na kelele za kutoboa masikio, na yeye aliinua uso kule zilikotoka.

"Wameegemea?"

"Wameegemea, Baba. Wawili wamepanda kabisa."

"Waambie washuke," akasema. "Wataharibu rangi."