Vidole vya Binu

Wifi yangu Tulasa alisifika mji mzima kwa jambo ambalo mimi niliona ni upuuzi mtupu: kupunguza uzito wa picha. Tumekaa chumba kimoja cha kazi miaka kumi na mmoja, kwenye mteremko chini ya ofisi ya wilaya, yeye na kompyuta yake, mimi na mashine yangu ya fotokopi. Watu wanashuka na simu zao wakitaka barua yenye picha. Picha ya simu ni nzito ajabu. Ukiibandika ilivyo, barua nzima inavimba, ukiituma inarudi. Wachapaji wa ng'ambo ya barabara walihangaika nayo kutwa. Tulasa wala.

"Usivute ubavuni, vuta kwenye kona," alikuwa akinifundisha, ingawa sikumuuliza. "Ukivuta ubavuni, mtu anapata uso wa boga."

"Awe boga, awe figili, mimi yanihusu nini? Siolewi naye."

Alikata kilichozidi, akavuta kona, akabonyeza kitufe cha kupunguza picha. Hapo kompyuta humuuliza, kwenye kisanduku kidogo: zifutwe sehemu zilizokatwa? Maana ukikata picha ndani ya barua, ulichokikata hakiondoki. Kinafichwa tu, na uzito wake uko pale pale, mpaka ukubali kifutwe. Wifi alikiwekea alama kisanduku kile kila siku bila kukitazama. Mkono ulikuwa unajiendea wenyewe.

Ndipo akaja mama Sanumaya, muuza mboga wa huko juu mlimani. Mwanawe Dhanraj alikwenda Malaysia kufanya kazi, na kwa miaka miwili hakupiga simu hata mara moja. Alitaka barua ya kwenda ubalozini, yenye picha yake, wamtafute. Kwenye simu mlikuwa na picha moja tu ya maana, ya sikukuu ya Dashain: Dhanraj amekaa mkekani, tika, ile rangi nyekundu ya baraka, imejaa kwenye paji, na ubavuni mwake dada yake mdogo, Binu, mkono juu ya bega la kaka. Binu alikuwa na miaka sita. Homa ilimchukua majira ya baridi yaliyofuata, na picha yake nyingine haikuwepo popote.

Tulasa akaibandika, akakata upande wa kushoto, wa Binu, ili abaki Dhanraj peke yake.

"Wee!" Mama Sanumaya aliruka kitini. "Mwanangu umempeleka wapi?"

"Yupo, mama. Amejificha tu. Tazama." Akavuta ukingo wa picha, na Binu akarudi na pengo lake la meno ya mbele.

Yule mama alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya mtandio. "Haya, mfiche. Lakini mfiche vizuri."

"Siku ukimtaka, njoo nikutolee," alisema Tulasa. Nilisikia kwa masikio yangu haya.

Mama akaenda zake. Barua ikatumwa, ikarudi: nzito mno. Wifi akasonya, akabonyeza kitufe chake, mkono ukaenda kwenye kisanduku, akatuma tena. Safari hii ikapita. Jioni alisafisha kompyuta kama kawaida yake, picha zote za wateja wa siku ile zikafutwa.

Na barua ilifanya kazi, hilo siwezi kulikana. Baada ya miezi mitano Dhanraj alipatikana hospitalini kule kule ugenini, mguu umevunjika, karatasi zimepotea, hajulikani ni nani. Mtu aliutambua uso wake kwenye ile picha. Alirudi akitembelea gongo. Mama yake alituletea mikate ya sel, ile ya duara ya kukaangwa, kikapu kizima, na Tulasa alikula huku akijigamba. "Ingekuwa nzito ingefika? Wifi, sema sasa."

"Nimekubali, mkubwa wangu," nikamwambia. "Acha nitafune."

Mwezi wa kumbukumbu ya Binu ulipofika, walishuka wawili, mama na mwana. Simu ilikuwa imekufa. Betri ilivimba, na fundi aliigeuza mara mbili akawarudishia. Mama alibeba fremu tupu na shada la maua ya njano, kwa ajili ya ukuta wa nyumbani.

"Mwanangu, nimekuja," alimwambia Tulasa, amechangamka. "Haya, mtoe aliyejificha."

Tulasa akafungua barua, akavuta ukingo wa picha. Ulitoka weupe. Akaurudisha, akavuta tena. Weupe. Nikawahi kusema, "Kompyuta hii imechoka, mama. Njoo kesho."

"Wifi, nyamaza." Tulasa akamgeukia mama. "Mama, nimemfuta. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Si ulisema amejificha?"

"Alikuwa amejificha. Lakini barua ilikuwa nzito, haikupita."

Mama Sanumaya akamtazama. "Mtoto wa miaka sita," alisema. "Alikuwa na uzito gani?"

Mimi nilitamani ardhi inimeze, na sikuwa hata mwenye kosa.

"Basi, mama," Dhanraj alisema. "Bila hivyo mimi nisingeonekana." Mama yake aligeuka akamwangalia mwanawe aliye hai kwa jicho ambalo naomba nisilione tena.

Dhanraj ndiye aliyeviona. Kwenye bega lake, pale picha ilipokatwa, vilikuwa vimebaki vidole vinne.

"Vikuze," mama akaamuru.

Tulasa akavuta kona. Vidole vikageuka vijisanduku vya rangi ya udongo, havina kucha wala umbo. "Vimekwenda wapi?" mama akalia. Tulasa akapunguza, akapunguza, mpaka vikarudi kuwa vidole, kila kimoja kama punje ya mchele. "Hapo hapo! Usiguse!"

Tukaichapa hivyo, picha ndogo katikati ya karatasi nyeupe. Nilichukua mkasi ili karatasi ienee kwenye fremu, mama akanishika mkono. "Usikate." Akaikunja kingo mwenyewe, akaondoka nayo.

Toka siku ile wifi hakigusi kile kisanduku. Barua zake zinavimba, zinarudi, wateja wanatutukana na kuvuka barabara, na kompyuta imejaa watu waliofichwa mpaka inakwama. Namfokea, hasikii. Saa ya kufunga anazifungua barua moja moja, anavuta kingo, anahakikisha wapo: shangazi wa mtu, mbuzi, nusu ya bibi harusi. Ya Dhanraj huiweka mwisho.

"Wifi, funga twende, mchele haujapikwa."

"Subiri kidogo," ananijibu, na anavuta tena ule upande wa kushoto.