Mpunga Usiokuwemo Katika Ramani

Mama yangu alikuwa hodari wa mambo mawili: kulima mpunga na kuongopa. Nasema kwa mapenzi, Mungu amrehemu.

Shamba letu lilikuwa bondeni kando ya Lualaba, upande wa Kasongo. Kule hatukujenga nyumba. Tulisimamisha vibanda vya majani, na mto ukianza kujaa tulivibomoa, tukapanda kilimani na nguzo zetu kichwani.

Mwaka mmoja, mavuno yamekwisha, akaja Mzungu mpima ardhi na darubini yake ya miguu mitatu. Watu wakasema, atakayeingia katika ramani ataingia na katika pamba ya lazima, ile ya kulimia serikali. Ebo! Siku hiyohiyo, maji yakiwa bado mbali, wanawake waling'oa vibanda vyote na kuficha vinu katika matete. Mzungu akauliza, kule chini kuna nini? Mama akamjibu, uso mkavu: "Iko matope tu, Bwana. Na mamba." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Miaka ikapita. Siku moja mkubwa wa serikali akatandika ramani ile mbele ya watu wote. Bonde letu lilikuwa vistari vya buluu, matope matupu. Akatangaza kwamba ardhi ile haina mwenyewe, atapewa Mzungu mwenye kulima michikichi. Na mpunga wetu ulikuwa umeshatoa masuke!

Kuusema ukweli ni kukiri kwamba tuliidanganya serikali, na askari alikuwa na kiboko mkononi. Mama akasimama. Mimi, mtoto wangu mgongoni, nikamvuta nguo: "Mama, kaa, nakuomba." Akanipiga mkono.

"Bwana, ni mimi niliongopa. Twende uone mupunga yangu. Ukitaka kunipiga, nipige. Lakini inchi ile iko na wenyewe."

Mkubwa alimtazama sana, kisha akashuka naye bondeni, viatu vyake vikazama. Hakumpiga. Alilichora shamba letu kwa kalamu juu ya vile vistari, akaamuru nusu yake iwe pamba.

Mama aliipalilia pamba ile akiitukana kila asubuhi kwa Kizimba, lugha yetu ya nyumbani, maana alisema Kiswahili hakitoshi. Lakini mpunga ulipoiva alitupakulia wali wa bondeni, sahani ikajaa.

"Kuleni, watoto wangu," akasema. "Tungali kwetu."