Nilivyomtathmini Mvivu wa Kiranjeranje

Miaka ile ya mwanzo ya ujamaa, ukiwa umemaliza shule na una shati jeupe, nchi ilikuamini kwa mambo makubwa kuliko akili yako. Mimi shati nilikuwa nalo. Basi ofisi yetu ya Lindi ikanituma peke yangu kwenda kutathmini kambi ya vijana wa kujitolea karibu na Kiranjeranje, na sikumuuliza mtu kutathmini ni kufanya nini hasa. Niliona haya. Nilidhani ni kuandika huku umekunja uso, na uso nilijua kuukunja.

Vijana wenyewe hawakuwa na kazi. Wengine walikuwa yatima, wengine mikorosho ya nyumbani haikutosha kugawanywa kwa ndugu wote. Walikuwa wakijenga zahanati, wakilishwa ugali na dagaa, na wakubwa walitaka kujua kama kujitolea huko kunawafaa kitu. Mwisho wa fomu yangu palikuwa na jambo zito zaidi: nimtaje kijana mmoja apelekwe chuo cha ufundi kusomea uashi. Nafasi ilikuwa moja tu.

Kambi nzima ilijua nafasi ile ni ya nani. Alikuwepo kijana mmoja, yatima aliyelelewa na bibi yake, aliyejifunza kushika mwiko kwa kumtazama fundi mzee wa kijijini. Kuta za zahanati alizisimamisha yeye, wenzake wakimchanganyia udongo. Nilimwita mbele ya meza yangu, ambayo ilikuwa mlango uliokuwa haujatiwa bawaba.

"Umefaidika nini na kambi hii?" nikamuuliza.

"Alhamdulillahi."

"Faida ya kwanza ni ipi?"

"Tunamshukuru Mungu, ndugu."

Nikaandika: *Hana maelezo.* Nikaona kweli mimi ni mpelelezi. Sikukumbuka kuwa mtoto aliyelelewa na bibi hafundishwi kujisifu mbele ya mgeni.

Kisha nikawauliza wenzake. Wa kwanza kujibu alikuwa msichana mchotaji maji, binamu yake, mtoto wa mjomba. Alitua ndoo, akajifuta mikono, akaniangalia kwa makini.

"Huyu? Mvivu huyu! Ukimwona amesimama karibu na ukuta, usidhani anaujenga. Ukuta ndio unamshikilia asianguke."

Watu wakacheka. Mimi nikaandika.

"Na kula je! Sufuria ikipita mbele yake haioshwi tena. Mchukueni mwende naye huko Lindi, na sisi tupumue."

Kijana mwenyewe alikuwa anacheka kuliko wote, mpaka mwiko ukamtoka. Hilo sikuliandika, fomu haikuwa na nafasi ya vicheko. Binamu wengine wawili wakaongeza yao, nami nikahesabu: mashahidi watatu, maneno yanafanana. Mama mpishi, mtu mzima aliyekuwa akichambua dagaa pembeni, akaniinamia.

"Mwanangu, na hayo unayaandika?"

"Mama, tathmini haichagui," nikamjibu. Sentensi ile niliipenda sana. Niliirudia njiani, juu ya lori, mpaka utingo akaniuliza kama naumwa.

Katika ripoti niliandika mistari mitatu: kwamba kijana anatuhumiwa na wenzake kwa uvivu na ulafi, kwamba wenzake wangefurahi akiondoka, na kwamba hafai kugharimiwa na taifa. Neno *hafai* nililipigia mstari kwa rula. Mkuu wangu akanisifu kwa kutoonea mtu haya. Nafasi ikapelekwa kambi nyingine, na mimi nikanunua kalamu mpya.

Baada ya miezi michache mjomba wangu akafariki, nikaenda kumzika kwetu Kipatimu. Tulipokuwa tumebeba jeneza kwenda makaburini, binamu yangu mmoja akajilaza katikati ya njia.

"Hapiti mtu! Mvivu mkubwa huyu, hata kufa kafia kitandani! Tangu lini kalima? Mrudisheni akamalize palizi kwanza!"

Marehemu alikuwa mkulima hodari kupita wote pale mlimani, na aliyekuwa akimtukana alikuwa amelia usiku kucha. Nilicheka huku machozi yananitoka, kama walivyocheka wote, maana ndivyo watani walivyo. Mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi hutukanana hata mbele ya kaburi, na siku mmoja akianza kumsema mwenzake vizuri, ujue wamegombana. Hayo nayajua tangu nikinyonya. Hakuna aliyenifundisha.

Na hapo hapo, jeneza likiwa begani, nikaikumbuka fomu yangu. Jeneza likaniteleza kidogo. Aliyekuwa nyuma yangu akadhani ni uchungu wa msiba, akanipokea.

Niliporudi Lindi nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza maswali mawili.

"Wewe si mtu wa huku huku?"

"Wa huku huku."

"Na hukujua kwamba ni utani?"

Ukweli ni kwamba nilidhani nikishika kalamu nimekuwa mtu wa mahali pengine. Akanipa karatasi, nikaandika barua nakala tatu, kwamba mimi, mzaliwa wa Kipatimu, nilishindwa kutambua utani. Nafasi ilikuwa imekwisha kwenda. Kijana alikuja kuipata nyingine baada ya mwaka mzima, lakini siku ile hakuna aliyeniahidi hilo. Nikatumwa tena Kiranjeranje, safari hii kwenda kuomba radhi.

Zahanati ilikuwa imeezekwa. Nilimkuta kijana akipiga lipu, na binamu yake akamletea maji.

"Karibu maji, kaka," akasema, macho chini.

"Ahsante, dada," kijana akajibu.

Akaenda zake. Mama mpishi akaniambia ndivyo walivyo tangu mwenyekiti wa kijiji alipowasomea ripoti yangu hadharani. Msichana alisikia maneno yake mwenyewe yakisomwa, na tangu siku ile hajamtania kijana hata mara moja. Anampelekea chakula, anamwamkia kwa adabu, anaondoka. Niliumia kuliko nilivyoumia kwa mjomba, na sioni haya kusema hivyo.

Nikawaita wote, nikasimama, nikakiri. Niliwaambia nilichokifanya na kwa nini nafasi ilikwenda kwingine. Kijana aliweka mwiko chini. Akapapasa ukuta kwa kiganja.

"Ukuta ulikuwa hapa hapa, ndugu," akasema. "Ungeutazama."

Hapo ndipo nilipoutazama kwa mara ya kwanza. Umenyooka kuanzia msingi hadi paa. Siku ile ya kwanza niliuegemea saa nzima nikiandika kwamba aliyeujenga ni mvivu.

Kijana akamgeukia binamu yake. "Wewe, na adabu yako hiyo imenichosha. Njoo unitukane."

Msichana hakujongea. Alikuwa anatazama mfuko wa shati langu.

"Kwanza aitoe ile kalamu," akasema.

Nikaitoa, nikampa. Akaidumbukiza ndani ya ndoo ya udongo, ikazama. Kisha akamwendea kijana akitaka kusema, akaanza kulia, na katikati ya kilio akampiga kofi la bega.

"Mvivu wewe," akasema. "Mvivu, mvivu."